Usiniambie Pedi Zitazoea

Kuna neno moja likitamkwa mbele yangu hasira inanipanda hata kama nimetoka kanisani sasa hivi. Gari limebadilishwa pedi za breki. Mwenye gari anakanyaga, mguu unazama kama umekanyaga godoro. Anamgeukia fundi, uso umejaa wasiwasi. Fundi anafuta mikono kwenye ovaroli na kumjibu bila haya: "Usijali bosi, pedi bado mpya. Zitazoea."

Zizoee nini? Pedi si bibi harusi kwamba imetoka kwao jana, bado inawaonea haya wakwe. Pedi ni bamba la chuma lililobandikwa kitu cha kusugua. Iwe mpya iwe kuukuu, kazi yake ni ile ile: ukikanyaga, ibane diski, gari lisimame. Ni kweli pedi mpya inahitaji kusuguana na diski kidogo mpaka zishikane vizuri, na siku ya kwanza gari linaweza kuchelewa kidogo kusimama. Lakini hayo ni ya pedi na diski huko kwenye tairi. Mguu kuzama ni habari nyingine kabisa. Anayekuchanganyia hayo mawili, ama hajui kazi, ama anataka ukafie mbali na gereji yake.

Nawaandikia ninyi mnaoshika spana sasa hivi, Makambako kando ya lami, Njombe mjini, na huko Wanging'ombe mnakotengeneza pikapu za wakulima chini ya turubai. Mimi nimeshatundika ovaroli. Mgongo ndio ulionistaafisha, si kazi kunishinda. Kazi haijawahi kunishinda. Sasa nalima parachichi nje kidogo ya Lyamkena, na miti yangu ukiiona utauliza mwenyewe ni nani. Lakini watu bado wananiita Fundi Kanyaga, na jina hilo sikulinunua dukani. Niliingia gereji na darasa la saba langu na viatu vya kuazima, nikatoka na nyumba, shamba, na watoto waliosoma kuliko mimi. Na hakuna gari lililotoka mikononi mwangu likamuua mtu kwa breki. Hakuna. Kaulizeni.

Aliyenifundisha ni Mzee Luvanda, Mbena mfupi mwenye sauti kubwa kuliko injini ya lori. Gereji yake ilikuwa Makambako, nyuma ya mahali malori yanapolala. Hakuwa na ubao wala kitabu. Alikuwa na sharti moja tu: aliyetengeneza breki ndiye anayeliendesha gari mara ya kwanza, kwenye mteremko, na mwenye gari amekaa kando yake.

"Kama unaiamini kazi yako, panda," alikuwa akisema. "Kama huiamini, kwa nini umpandishe mtoto wa mwenzio?"

Siku moja mwenzangu mmoja, ambaye sasa ni mtu mwenye heshima zake kwa hiyo simtaji, alimaliza kubadilisha pedi za pikapu. Akaingia kwa mbwembwe, akawasha, akarudi nyuma huku anapiga mluzi. Alisahau kitu kimoja. Ukiweka pedi mpya nene, umezilazimisha pistoni zinazosukuma pedi zirudi ndani kabisa. Mkanyago wa kwanza ni wa kuzisogeza pistoni tu, haubani kitu. Ndiyo maana kabla tairi halijazunguka hata kidogo unapampu kwanza, mpaka pedali ipande na kukutana na mguu wako. Yeye hakupampu. Pikapu ilikwenda moja kwa moja mpaka kwa mama aliyekuwa akitupikia, ikapanda mafiga, ikakalia sufuria ya maharage. Mchana ule tulikula ugali na chumvi, na Mzee Luvanda akamwamuru mwenzetu apige magoti aombe radhi. Si kwa mama. Kwa sufuria.

"Mama anaweza kukusamehe kwa sababu ana moyo," akamwambia. "Sufuria haina. Iombe vizuri."

Tulicheka mpaka tukasahau njaa. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyesahau tena kupampu.

Sasa sikilizeni, maana watu wananimiminia maswali ya simu kila wiki na nimechoka kurudia. Pedali laini si ugonjwa mmoja. Ukikanyaga inanesa kama godoro, ukipampu inapanda, ukitulia kidogo inarudi kuwa laini, huo ni upepo umeingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kuubana upepo badala ya kufika kwenye tairi. Ukikanyaga ukashikilia, nayo ikashuka taratibu kama mtu anayesinzia, mafuta yanapotea mahali. Pitia kila tairi na kila bomba utafute unyevu. Ukikuta pakavu, basi yanapita ndani kwa ndani kwenye masta silinda, ile inayosukuma mafuta ukikanyaga, mipira yake imekwisha. Na ikiwa pedali iko chini lakini hainesi, ukipampu inakaza na kutulia, usiendelee kuhangaika na tairi za mbele. Nenda nyuma ukaangalie kama viatu vya breki viko mbali na ngoma ya tairi, au rudi uone kama pedi imekaa upande kwa sababu ulikuwa mvivu wa kusugua kutu.

Na yote haya unayapima injini ikiwaka! Hapa ndipo mnaponitia wazimu. Injini ikiwa imezimwa, ile pampu ya upepo inayousaidia mguu haifanyi kazi. Pedali inakuwa ngumu hata kama breki ni mbovu, hasa ukishaipampu. Fundi anakanyaga gari lililozimwa, anaona ngumu, anajipiga kifua. Najua kwa nini mnafanya hivyo. Huku kwetu baridi inaua betri. Nusu ya magari ya Njombe yanalala yameelekezwa kichwa chini kwenye mteremko, jiwe chini ya tairi, ili asubuhi mwenyewe aondoe jiwe, gari liserereke, atie gia liwake. Tumezoea hivyo tangu zamani. Kwa hiyo gari likija gereji, hamtaki kulizima na kuliwasha, betri haina nguvu, mnalimaliza likiwa limekufa na kulikabidhi likiwa limekufa. Halafu mtu anakwenda kuondoa jiwe.

Jambo hili nusura linizikie ukoo. Nitawaeleza, na mkimaliza kusoma mtaniambia kama nilikosea, kwa sababu nyumbani kwangu hukumu ilishatolewa na sikubaliani nayo.

Mwaka juzi binti yangu Huruma aliolewa Iwawa, kule Makete, kwa Wakinga. Sherehe ya kumuaga tuliifanya nyumbani Lyamkena, ikafana. Kesho yake ilikuwa tuondoke alfajiri, maana mpaka Iwawa ni mwendo wa asubuhi nzima, milima na kona, na mchungaji wa kule alishatuambia wazi: baada ya ndoa yetu kuna nyingine, atakayechelewa zamu yake anapewa anayefuata. Upande wa bwana harusi ulikuwa umenipigia simu kunikumbusha hilo kana kwamba mimi ni mtu wa kuchelewa.

Akina mama wa ukoo wangu walipangiwa kusafiri na Haisi ya jirani yangu Tweve. Mama yangu mzazi kiti cha mbele, dada yangu Faraja na shangazi zangu nyuma, wote wamevaa sare ya zambarau. Tweve naye ni mtu wa mapambo. Alisema gari lake haliwezi kuingia Iwawa kama gari la viazi. Alikuwa amefunga rimu mpya, zile zenye matundu makubwa mpaka unaona ndani, na kwa kuwa breki zilikuwa zinalia, akalipeleka kwa Ombeni abadilishe pedi za mbele. Ombeni ni kijana mwenye gereji yake pale Makambako, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Walipokuwa hapo hapo wakashauriana: kwa kuwa kalipa zinaonekana kupitia rimu, kwa nini zisipakwe rangi ya sare?

Kalipa, kwa msiojua, ni kile chuma kizito kinachoshika pedi na kubana diski. Watu wawili wazima waliketi wakakubaliana kukipaka zambarau.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huoni geti. Haisi ilikuwa imeelekezwa kichwa chini kwenye mteremko wa nyumbani kwangu, jiwe chini ya tairi, na chini kule mteremko unaishia barabara kuu yanakopita malori. Akina mama walishapanda, wamejifunika mablanketi juu ya sare, wanaimba. Tweve anazungusha ufunguo, betri inakohoa tu.

"Tusipoteze muda," Tweve akasema, "acha niondoe jiwe, litawaka lenyewe huko chini."

Mimi nilikuwa nimesimama na suti yangu, kiatu kinang'aa. Sikuwa na nia ya kukagua chochote. Nilimuuliza kwa mazoea tu.

"Tweve, breki umezijaribu?"

"Ombeni alizijaribu jana. Ngumu kama jiwe."

"Injini ikiwaka?"

Tweve akatazama betri, akatazama mlima, akanitazama mimi. "Kaka, na wewe betri hii si unaijua."

Alikuwa ameshainama kuondoa jiwe. Nikaweka kiatu changu cha harusi juu ya lile jiwe, nikakanyaga. "Hili halitoki hapa."

Nyimbo zikakatika. Dada yangu Faraja akafungua kioo, akanisalimia kwa Kibena. Faraja ni mkubwa wangu, na mdomo wake anaufahamu kila mtu Lyamkena.

"Kamwene, Bwana Usalama Barabarani! Leo umetusimamisha kwa kosa gani?"

"Shukeni wote."

"Kwenye baridi hii? Kaka, ukitaka kutuua tuue humu humu ndani, kuna joto."

"Faraja, nimesema shukeni."

Mama yangu, ambaye hapendi maneno mengi, akauliza kutoka kiti cha mbele: "Mwanangu, nishuke au nisishuke?"

"Shuka, mama."

Akashuka. Mama akishuka hakuna anayebaki. Tukaleta gari dogo la bibi harusi lililokuwa limeshafungwa maua, tukaunganisha nyaya betri kwa betri, Haisi ikawaka. Nikaingia, nikakanyaga. Vijana, mguu wangu ulikwenda mpaka sakafuni bila kukutana na mtu. Nikapampu, ukapanda kidogo unanesa. Nikatulia, nikakanyaga tena, ukazama. Na Tweve alikuwa anaondoa jiwe!

"Lakini jana nililitoa gereji mpaka hapa," Tweve akajitetea. "Mbona lilisimama?"

"Lilisimama kwa sababu ulikuwa peke yako, kwenye tambarare, unatembea kama unapeleka mayai. Leo umejaza ukoo wangu unaupeleka milima ya Makete."

Ombeni mwenyewe alikuwepo, tulimwalika, amevaa koti jeupe na marashi unayasikia kabla hajafika. Akasogea, akakanyaga na yeye. Nikamwona uso unabadilika. Halafu akajikaza, akalitamka.

"Mzee, pedi bado mpya. Zitazoea."

Sitaandika nilichomjibu. Mchungaji wetu anaweza kuusoma ukurasa huu.

Faraja akaja na suluhisho lake. "Basi bibi harusi na baba yake watangulie na gari dogo, sisi tutafuata likishapona. Ndoa ni ya Huruma, si ya Haisi."

Huruma alikuwa ametoka nje, amejitupia blanketi la kijivu juu ya gauni jeupe, nywele zimepambwa, miguuni ndala. Akasema, "Shangazi, nikifika kwao nasindikizwa na nani? Na maua ya gari?" Akanigeukia. "Baba, una hakika?"

"Nina hakika."

"Zamu yetu itapita."

"Najua."

Akanitazama kidogo. "Basi vua koti, utalichafua."

Hapo ndipo nilipojua nimezaa. Nikavua koti, akalishika yeye.

Tukaliweka gari sawa pale uani, tukapandisha jeki, tukatoa matairi ya mbele. Kalipa zikatokeza, zambarau tupu, zinang'aa kama peremende. Nikaamua nianze na upepo. Kutoa upepo kunahitaji watu wawili, mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua na kufunga nipo, ile skrubu ndogo iliyoko kwenye kalipa. Nani akanyage? Nikamwita Faraja, maana nilitaka mdomo wake upate kazi nyingine.

"Pampu!" nikapiga kelele kutoka chini.

"Napampu!"

"Shika!"

"Nimeshika!"

Nikafungua. Mafuta yakatoka, nikafunga. "Achia!"

"Nimeachia, na mguu unaniuma, na kiatu ni cha harusi!"

Tukaenda hivyo, pampu, shika, achia, huku shangazi waliobaki wanaitikia kama kwaya. Mafuta yalitoka safi kabisa, hata povu moja hamna. Fundi mwingine angesema upepo umeisha, avae koti aende. Nikamwambia Faraja akanyage mara ya mwisho.

"Kaka," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "linazama."

Hapo sasa sikilizeni, ndipo fundi anapojulikana. Mafuta yanatoka bila povu, lakini pedali inanesa. Maana yake upepo upo, ila hautoki pale ninapofungua. Nikaacha spana chini, nikakaa kitako kwenye matope na suruali ya suti, nikaitazama kalipa tu, kama ninavyomtazama mtu anayenidanganya. Nikaona kwanza mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye kalipa, umejipinda kama nguo iliyokamuliwa. Halafu nikaiona nipo. Ilikuwa inaangalia chini.

Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu, ifunike, iinamishe unavyotaka. Maji yatakaa chini, upepo utakaa juu. Siku zote. Ndiyo maana aliyeunda kalipa aliiweka nipo juu kabisa, upepo unakokaa. Nipo ikiwa chini, unaweza kupampu mpaka Pasaka, yatatoka mafuta tu, upepo umekaa juu unakula raha. Na nipo inakuwa chini kwa njia moja: kalipa ya kushoto umeifunga kulia, na ya kulia umeifunga kushoto.

"Ombeni, njoo hapa."

Akaja, anayakwepa matope na viatu vyake.

"Kubadilisha pedi hakuhitaji kufungua mpira wa mafuta. Unainua kalipa, unabadilisha pedi, unashusha. Hizi ulizitoa kabisa?"

"Ndiyo, mzee. Kwa ajili ya rangi."

"Zote mbili pamoja?"

"Ndiyo. Nikazianika zikauke."

"Ukazianika wapi?"

"Kwenye kamba."

"Kama soksi."

Akacheka kidogo, akidhani natania. "Kama soksi, mzee."

"Na soksi ukizianua, unajuaje ya kushoto ni ipi?"

"Soksi hazina kushoto na kulia."

"Kalipa zinazo!"

Nasikia sauti yangu ilifika barabarani. Mama yangu akaniambia niipunguze, ni siku ya harusi. Sikuipunguza. Hebu fikirieni: breki nzima ilikuwa haina ugonjwa wowote. Ilitiwa ugonjwa kwa ajili ya kupendeza!

Ombeni hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alielewa mara moja, akaja na njia ya mkato. "Mzee, tuzifungue tu kwenye bolti zake, tubane kipande cha ubao katikati ya pedi, tuzipindue nipo iangalie juu, tutoe upepo, turudishe zilivyokuwa. Mara moja tu tumeondoka."

Ni kweli inawezekana. Faraja akasikia, akadaka. "Umesikia, kaka? Mara moja tu. Tutawahi."

Nikasema hapana. Nilimshika Ombeni mkono nikauweka kwenye ule mpira uliojipinda, nikamwambia Tweve akate usukani mpaka mwisho. Mpira ukavutika ukagusa mahali panapokaa tairi. "Kwenye kona za Makete tairi litakuwa linausugua huu kila ukikata usukani. Leo utafika. Wiki ijayo je? Na fundi mwingine akija kutoa upepo kwenye gari hili, atautoa wapi?"

"Mzee, atakayekuja atajua mwenyewe."

"Atakayekuja hayumo humu. Aliyemo humu ni mama yangu."

Tukazitoa. Ombeni akavua koti lake jeupe bila kuambiwa, na lazima niseme ukweli, tulipoanza kazi alifanya kazi. Kushoto ikarudi kushoto, kulia ikarudi kulia, mpira ukanyooka, washa za shaba, zile pete za kuzuia mafuta yasivuje, tukazitafuta mpaka tukazipata mpya, maana za zamani zilishafungwa zikafunguliwa. Faraja akarudi kwenye pedali. Mara hii nilipofungua nipo ilitema povu, ikakoroma kama chupa ya soda. Shangazi wakapiga vigelegele. Kwa nipo! Sijawahi kuona.

Tulipomaliza nikawasha, nikakanyaga, nikashikilia. Pedali ilisimama juu, imara, ikagoma kwenda popote. Nikamwambia Ombeni apande kando yangu, mahali pa mwenye gari, kwa sharti la Mzee Luvanda. Tukashuka mteremko sisi wawili, injini inawaka, mpaka karibu na barabara kuu, lori linapita mbele yetu kwenye ukungu. Nikakanyaga. Haisi ikainamisha kichwa ikasimama. Nikapanda, nikashuka tena. Ndipo nilipomwambia mama, "Sasa panda."

Tulifika Iwawa zamu yetu imeshapita. Tulikuta harusi ya watu wengine inatoka kanisani na nyingine inaingia. Tukasubiri nje kwenye upepo wa Makete, na mnaoujua upepo ule hamhitaji maelezo. Msemaji wa upande wa bwana harusi alinipokea kwa hotuba ndefu juu ya watu wa Makambako na saa zao. Ndoa ikafungwa alasiri, wali umepoa, na kwenye kila picha mimi ndiye baba mwenye vidole vyeusi na tope kwenye makalio.

Na hakuna aliyenishukuru! Hapo ndipo penye uchungu wangu mpaka leo. Kama ningenyamaza, Tweve angeondoa jiwe, watu wangenililia. Niliposema, hakuna kilichotokea, na kwa sababu hakuna kilichotokea wanasema nilichelewesha harusi bure. Kazi ya breki ndivyo ilivyo. Fundi wa injini akifanya vizuri, gari linanguruma, watu wanasikia. Fundi wa breki akifanya vizuri, watu wanafika salama na kuanza kulalamika kwamba chakula kimepoa. Faraja mpaka leo akinimiminia chai mbele za watu anasema, "Pampu! Shika! Achia!" na wote wanavunjika mbavu. Tweve anaeleza kwenye vikao kwamba mimi napenda kujionyesha. Mimi! Ombeni peke yake hanicheki. Nilipita gerejini kwake nikaona ameandika L na R kwa rangi ya zambarau kwenye kila kalipa anayoitoa. Sikumpongeza. Ndivyo alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo.

Kwa hiyo mkiniuliza, ninyi mnaoanza, mtapata nini kwa kuwa waangalifu, nawajibu bila kuwaficha: hamtapata kitu. Mtatukanwa. Mtaitwa wachelewaji. Mwenye gari atatazama saa na kusema fundi wa jirani angeshamaliza. Pampu kabla ya kuondoa gari, washa injini, kanyaga, shikilia, na kama inazama weka mguu juu ya jiwe, akasirike anayetaka kukasirika.

Mwezi uliopita Huruma alikuja na mjukuu wangu, amekuja kwa gari la mumewe, anaendesha mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka ukungu ulikuwa ule ule. Gari lilikuwa limelala kichwa chini kwenye mteremko ule ule. Alimfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma, akatuaga harakaharaka, hata chai hakumaliza, jambo ambalo lilinikera. Akaingia, akawasha. Mimi na Faraja tulikuwa tumesimama mlangoni kupunga mikono.

Gari halikuondoka. Injini inanguruma, na taa nyekundu za nyuma zikawaka kwenye ukungu, zikabaki zimewaka. Zikazimika. Zikawaka tena, zikabaki.

"Anafanya nini huyo?" Faraja akauliza, mkono uko hewani bado. "Mbona haendi?"

"Mwache," nikasema. "Mwache amalize."